Nilivyostaafu kwa Kusafisha Laptopu ya Vipepeo

Niungame kwanza, tumalize. Jumapili moja ya likizo, mama akiwa kanisani, nilibofya kitufe kilichoandikwa "Safisha Yote" bila kusoma hiyo yote ni nini. Kusoma kungenichukua sekunde tano. Sikuwa nazo. Nilikuwa nakimbilia kucheza mpira, na mpira wenyewe tulifungwa.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, nimo kidato cha tatu, na nyuma yangu kuna miaka mitatu ya utumishi katika kazi ya kutengeneza kompyuta. Babu yangu alistaafu kazi ya hoteli akiwa mtu mzima mwenye mvi, akapewa saa ya ukutani. Mimi sikupewa saa. Lakini mwalimu wa klabu ya kompyuta ameniomba niwaandikie nyinyi wa gredi ya nane na ya tisa, mnaoanza sasa kubofyabofya mashine za watu, nami nimeona heri mjifunze kwa ujinga wangu. Wenu bado hamjautumia, uwekeni.

Kazi niliianzia Watamu, kwenye kibanda cha Dada Riziki, mkabala na mama muuza viazi karai. Dada Riziki ni mtu wa Malindi mjini, na Kiswahili chake kimenyooka hivi kwamba akikutukana wahisi umeombewa dua. Nilikuwa darasa la nane. Nilikwenda kutengenezewa simu, nikaona anavyoifungua, nikakaa. Jioni akaniuliza kama sina kwetu. Nikamwambia ninako, Gede.

"Basi kesho ukija," akasema, "uje na adabu na kitambaa safi."

Mwaka wa kwanza mzima nilishika tochi. Msiidharau tochi. Mshika tochi akitazama viazi karai, fundi hukata waya usiokuwa wake. Mwaka wa pili nikapewa bisibisi, ile ndogo ya nyota yenye mpini mwekundu, nikafundishwa skrubu. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, kila skrubu unayoitoa ichomeke kwenye mchoro mahali ilipotoka. Mimi niliona huo ni woga, nikazitia zote kwenye kifuniko cha chupa. Skrubu ndefu ukiitia kwenye tundu fupi hutokea upande wa pili kama mgeni asiyebisha hodi. Ile niliyoitia mimi ilitokea kwenye kioo. Dada Riziki alikitazama kioo, akanitazama mimi, akasema, "Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu, Karisa, maana unayo mengi ya kujifunza." Ndiyo hiyo dua niliyowaambia.

Zamani, yaani nilipokuwa darasa la nane, watu walileta mashine zilizoingia virusi. Siku hizi wanaleta zilizoingia dawa. Mtu aona kompyuta yake nzito, apata kwenye mtandao programu ya bure ya kuisafisha, aitia, nayo inasafisha mpaka kisicho uchafu.

Alikuja ustadhi mmoja kutoka Mambrui, mwalimu wa madrasa, laptopu ameizungushia kanga kama mtoto mwenye homa. Mtihani wa wanafunzi wake aliuandika kwa Kiarabu, na sasa kila herufi ilikuwa kijisanduku kitupu. Mpwa wake ndiye aliyemwekea ile dawa. Programu ilikuwa imeona herufi za Kiarabu hazitumiki, ikazifagia.

"Hazitumiki?" akauliza ustadhi, kwa upole wa kutisha. "Zatumika tangu babu wa babu wa huyo aliyeiunda hajazaliwa."

Mimi niliinuka kwenda kutafuta herufi nyingine kwenye mtandao. Dada Riziki akanishika shati. Aliifungua ile programu yenyewe, akatafuta mahali inapoweka vitu ilivyoviondoa kabla ya kuvitupa, akavikuta, akavirudisha. Dakika kumi. Fundi mzuri kwanza humpekua mwizi mifuko, ndipo aende dukani kununua kingine.

Hapo mjue jambo moja. Kompyuta ina daftari lake la ndani, linaloandika kila kitu kiko wapi na kinafunguliwa na nini. Hizi programu hupenda kulisafisha daftari hilo, na nyingi hukuuliza kwanza kama wataka kuweka nakala. Jibu ni ndiyo. Watu hubofya hapana kwa sababu hapana iko karibu na kidole.

Ustadhi alituombea dua nzuri. Nadhani sehemu yangu iliisha muda kabla ya ile Jumapili.

Tuje kwa mama.

Mama ni katibu wa kikundi cha akina mama kumi na wawili wa huku kwetu Gede, wanaofuga vipepeo. Nawaeleza hivi kwa sababu najua wengine wenu mnatoka Junju na hamjaona kipepeo akifugwa. Wananaswa majike kando ya msitu, wanatiwa kwenye vizimba vya neti, wanataga. Viwavi wanatoka, wanalishwa majani, wa mama hula mndimu. Kiwavi akishashiba hujifunga ndani ya ganda, akatulia kama jani kavu. Huyo twamwita pupa. Pupa anazungushiwa pamba, anatiwa kwenye boksi, anapanda ndege kwenda nchi za baridi, ambako wamejenga nyumba za vioo na watu hulipa kiingilio kuwaona vipepeo. Huku wanatua kwenye ugali bure.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye roho ya mambo. Pupa hana subira. Siku zake zikitimia, anatoka, awe kwenye kizimba au awe angani. Akitoka ndani ya boksi hana pa kukunjulia mabawa. Yanakauka yamekunjamana, na hatapaa maisha yake yote. Kwa hiyo ni lazima boksi liende na orodha: huyu ni wa aina gani, alijifunga siku gani. Aliyebakiza siku chache haendi. Mara mbili tayari boksi lilikuwa limefika na vipepeo vilema ndani, kwa sababu siku ziliandikwa ovyo. Mnunuzi akaandika barua fupi yenye heshima, kwamba likifika la tatu namna hiyo atanunua kwingine. Ada za watoto wa akina mama kumi na wawili, mimi nikiwemo, zilikuwa zimening'inia kwenye siku za kuzaliwa za wadudu.

Ndipo mama akabuni njia yake. Kila mama huleta pupa wake kwenye kisahani, na karatasi yenye jina lake na siku. Mama hupiga picha kisahani na karatasi yake, mara tatu au nne kwa sababu mkono wake hutikisika, kisha huwapanga pupa kwenye kreti ya pamba, kila kisahani safu yake. Karatasi hutupwa, wino usichafue pamba. Picha huingia kwenye laptopu, zikapewa namba za safu. Kwenye simu anazifuta, simu isijae. Huo wa kuzifuta ulikuwa ushauri wa mtaalamu wa nyumba, yaani mimi.

Jumapili ile kwenye kreti kulikuwa na safu ishirini na sita. Gari la kuchukua boksi lilikuwa lije Jumatatu saa nane mchana.

Na laptopu ilikuwa nzito. Mama akiiwasha, hupika chai, akainywa, akasuuza kikombe, akarudi, nayo ingali inazungusha kile kiduara. Nikasema nitamfanyia hisani. Nikapata programu ya bure yenye picha ya ufagio. Iliipekua mashine, ikasema ina matatizo elfu moja na mia mbili. Mama aliishi na mashine ile miaka minne akijua tatizo moja tu.

Nikabofya.

Ikafagia. Iliniuliza habari ya nakala, nikabofya ile iliyo karibu na kidole. Mwisho ikaniandikia kwa rangi ya kijani: picha tisini zinazofanana zimeondolewa. Nikafurahi. Nani anataka picha zinazofanana? Ikasema niizime na kuiwasha. Nikaizima, nikaiwasha, nikaenda mpirani.

Nanyi jiwekeni mahali pa ule ufagio. Picha moja ya vijiti vya kahawia juu ya sahani nyeupe. Nyingine, vijiti vya kahawia juu ya sahani nyeupe. Ile karatasi ya siku ni ndogo, pembeni. Programu haikukosea. Ilibakisha picha moja, ya safu ya kwanza, na nyingine zote ikaona ni hiyo hiyo.

Niliporudi, kioo kilikuwa cheusi, kina kale kamshale peke yake. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha, mara ya nne ikaamka katika ile hali ya dharura, inapowaka na vitu vichache tu. Nikaona folda ya picha ina picha moja. Nikakimbilia pipa la takataka. Lilikuwa safi. Lilikuwa safi kuliko kitu chochote nyumbani kwetu.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wa pili, na huo ndio ninaotaka muukumbuke hata mkiusahau wa kwanza. Nilipakua programu nyingine ya kuitengeneza ile ya kwanza. Ilikuwa kubwa. Ilipomaliza kuingia, laptopu ikazima, isiamke tena.

Faili ikifutwa haiendi mbali. Kompyuta hufuta jina lake tu mlangoni, mwenyewe angali amelala chumbani, mpaka aje mpangaji mwingine. Kila unachokipakua baada ya hapo ni mpangaji. Mimi nilileta mpangaji mwenye kabati na vitanda vitatu.

Mama alirudi saa saba.

"Laptopu iko wapi?"

"Inajisafisha."

"Mpaka saa ngapi?"

"Inategemea uchafu, mama."

Alinitazama kidogo, akaingia jikoni. Mimi nikatoka uani nikaanza kupasua kuni. Mama baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo alipojua kuna kitu kimekufa, kwa kuwa sikutumwa kuni.

Jumatatu saa mbili asubuhi mama alinyoosha mkono. Nikampa laptopu, nikamweleza yote, nikiwa nimesimama karibu na mlango. Hawe alikuwepo, bibi yangu mzaa baba, amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha. Mimi nimepewa jina la babu yangu, mumewe, kwa hiyo kwa mila yetu hunitania kama mume.

"Mume wangu huyu," akasema Hawe, bila kuinua macho. "Ningejua ningeolewa na fundi wa baiskeli."

Mama aliitazama kreti yenye safu ishirini na sita za pamba. Kisha akaniuliza, "Baiskeli ina upepo?"

"Ina upepo, mama."

Nikafunga laptopu mgongoni kwa leso yake, nikaendesha mpaka Watamu bila kutumia breki. Breki zenyewe hazikuwepo.

"Shikamoo, Dada Riziki."

"Marahaba. Umeua nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akifuta meza. Nilipofika kwenye ile programu ya pili, aliacha kufuta.

"Ulipakua juu ya wafu," akasema.

"Nilitaka kuiwahi."

"Uliwahi."

Mimi nikaiunga laptopu kwenye chaji ili tujaribu kuiwasha, tuitengeneze iamke, kisha tuzitafute picha. Akaung'oa ule waya.

"Nyumba ikiungua unatoa nini kwanza, mdogo wangu, watoto au makuti?"

"Watoto."

"Basi mashine hii haiwashwi. Kuamka kwake peke yake ni kuandika, na kuandika ni kufukia. Lete bisibisi."

Liwekeni hili kichwani. Hutengenezi mashine kabla ya kuokoa mali iliyomo. Tulifungua mgongo wake, skrubu kumi na moja, zote kwenye mchoro. Na tulipoinua kifuniko, Dada Riziki akaniita nisogeze tochi. Feni ilikuwa imejaa. Pamba, nyuzi nyuzi za pamba, na kati yake unga laini unaong'aa, kijani na dhahabu, ule unga wa mabawa ya vipepeo. Feni ilikuwa haizunguki hata nusu. Mashine ilikuwa ikipata joto, ikijipunguza mwendo isiungue.

"Huu ndio uzito wake," akasema. Akachukua brashi ya kupakia rangi, akafagia, akapuliza. "Ilitaka kusafishwa kweli. Wewe ulikosea chumba."

Akaitoa diski. Bahati yetu ilikuwa laptopu ni kuukuu, diski yake ni ile ya kuzunguka. Zile mpya, ukishafuta, mashine nyingi huanza kusafisha vyumba mara moja, ukifika hapana hata godoro. Akaiunga kwa waya kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaamuru isiandikwe kitu, akafungua programu ya kutafuta vilivyofutwa, na vitakavyopatikana viingie kwenye diski nyingine. Wala si ile ile. Nimeona mtu mzima mwenye ndevu akiokoa picha za harusi na kuziweka juu ya picha nyingine za harusi.

Halafu tukasubiri. Kazi hii nusu yake ni kusubiri, na hamtafundishwa shuleni.

Saa nne na nusu simu ikalia. Mama.

"Karisa. Wa kwanza ametoka."

"Wapi?"

"Yuko kwenye pazia. Anakausha mabawa. Wa safu gani, sijui."

Akakata. Dada Riziki akaniuliza ni nini, nikamwambia. Akaagiza chai mbili.

Saa tano picha ya kwanza ikatokea kwenye kioo. Vijiti vya kahawia, sahani nyeupe, na pembeni karatasi yenye mwandiko wa mtu na siku. Sijawahi kupenda vijiti vya kahawia namna ile. Kisha ya pili. Majina yao yalikuwa yamepotea, zilikuja na namba za ajabu, lakini sura zilikuwa zile. Nikawa naziinua moja moja, natafuta mwandiko, naandika kwenye karatasi safu gani ni ya nani na siku gani, nazituma kwa simu ya mama. Mpangilio tuliupata kwa saa zilipopigwa, maana picha hubeba saa yake tumboni hata ikipotea jina. Hilo nalo liwekeni.

Simu ikalia.

"Wa pili," akasema mama. "Huyu ametua kwa Hawe."

Nyuma yake nikamsikia Hawe, "Mwambie mume wangu nimepata mwingine."

Saa sita na robo ile programu ikafika mwisho wa diski. Tulikuwa na safu ishirini na mbili. Nne hazikuwepo. Mbili zilitokea nusu, juu vijiti, chini mistari ya kijivu, na karatasi ya siku ilikuwa kwenye kijivu. Mbili hazikutokea kabisa. Dada Riziki akanionyesha kilicholala mahali pao. Ilikuwa ni kipande cha ile programu yangu ya pili, ya kutengeneza.

Hakuniombea hata dua, na hiyo kwa Dada Riziki ni adhabu kubwa kuliko dua.

"Nenda nyumbani," akasema baadaye. "Makuti niachie mimi."

Makuti aliyaezeka mchana ule, nami niwaelezee hapa nisije nikasahau. Alifanya nakala ya diski nzima kwanza. Kisha akatumia jambo ambalo wengi hawalijui: kompyuta, ikiwa haikuzuiwa, hujiwekea kumbukumbu ya siku ilipokuwa nzima, na waweza kuirudisha siku hiyo. Programu za kusafisha hupenda kuzifuta kumbukumbu hizo zipate nafasi, lakini ile ya mwisho kabisa mara nyingi haziigusi. Ilikuwepo, ya Ijumaa. Akaiwasha kwa flashi, akairudisha Ijumaa, nayo ikaamka kama haijawahi kuniona. Mjue tu kwamba kuirudisha hivyo hakurudishi picha wala barua zako. Hurudisha nyumba, si watoto. Ndiyo maana ya ule mpango wake.

Mimi nilifika Gede saa saba kasoro. Uani palikuwa na viatu vingi. Mama alikuwa amewaita wenzake, wote kumi na mmoja, na wote walikuwa wamezunguka kreti kama watu wanaoosha mchele. Safu ishirini na mbili alikuwa ameshaziandika. Zimebaki nne, pupa arobaini, hawana jina wala siku.

"Fundi amefika," akasema Mama Furaha, jirani yetu, ambaye ulimi wake hauhitaji chaji. "Mpisheni asije akatusafisha."

Mimi nikasema arobaini tuwaache, boksi liende na wengine. Nilidhani ni ushauri mzuri. Mama akaeleza kwa utaratibu kwamba mnunuzi ameagiza idadi, akiba ni ya wachache tu, si arobaini, na boksi pungufu ni sawa na boksi bovu. Kisha akachukua koleo ndogo, akainua pupa mmoja wa zile safu, akamweka kwenye kiganja chake, akampitisha.

"Wa nani?"

Na hapo, wadogo zangu, niliona jambo ambalo katika miaka mitatu ya kazi sikuwahi kuliona kwenye mashine. Mama Furaha alimtazama pupa yule kwa sekunde moja.

"Huyu wa Mama Dama. Tazama kikonyo. Yeye hukata kwa wembe, mshazari."

"Na huyu?"

"Wangu. Mimi huacha na kipande cha jani, nikitoa jani naogopa kumuumiza."

"Huyu aliyefungwa uzi wa gunia?"

"Ni wa Mama Neema, nani mwingine ana gunia."

Wakaenda hivyo. Kila mmoja ana mkono wake. Mmoja huacha kijiti kirefu, mmoja hukata kifupi, mmoja humtoa na hariri yake yote. Vitu ambavyo ule ufagio uliviona ni kimoja, na mimi pia, niwe mkweli, wao waliviona kama mnavyoona nyuso za ndugu zenu. Na wakishamjua mwenyewe, siku wanaijua: wangu walijifunga Jumatano, siku mbuzi alipokula neti. Wangu siku ya ile mvua. Mama anaandika.

Wawili walibaki na ubishi. Mama Furaha alisema ni wake, Mama Dama alisema ni wake, vikonyo vilikuwa vimekatika njiani. Ubishi ukapanda mpaka ukafika kwenye jambo la sufuria iliyoazimwa mwaka uliopita. Hawe akanyoosha mkono, akapewa. Akawagusa kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja. Wa kwanza akatikisa mkia upesi.

"Huyu mtoto," akasema Hawe. "Aende."

Wa pili hakutikisika. Hawe akamwinua kwenye mwanga wa mlango. Ndani ya ganda rangi ilikuwa imeanza kuonekana, buluu kidogo, kama nguo kwenye mfuko wa nailoni.

"Huyu amevaa tayari. Abaki."

Mama Furaha akasema kama ni hivyo, basi aliyebaki ni wa Mama Dama. Mama Dama akasema asante, atamlea.

Gari lilikuja saa nane na dakika tano. Dereva alipewa chai na kipande cha muhogo ili asiangalie saa, na mama alimaliza kuandika mstari wa mwisho akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza kwenye mlango wa gari. Boksi likafungwa, likaenda.

Lilifika salama, najua ndilo mnalolingoja. Juma lililofuata mnunuzi aliandika kwamba hakuna hata mmoja aliyetoka njiani, na kwamba orodha ilikuwa nzuri kuliko zote zilizotangulia, akauliza kikundi kimetumia mfumo gani mpya. Mama alijibu kwamba ni mfumo wa hapa hapa. Tangu siku ile siku za pupa huandikwa pia kwa penseli kwenye daftari, ambalo limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, na mimi nimekatazwa kulifungua.

Lakini hayo ni baadaye. Jumatatu ile, gari lilipopinda barabarani, akina mama walivaa viatu wakaondoka wakicheka, Mama Furaha akinipigia saluti. Vipepeo watatu walikuwa juu ya pazia, watatu, maana yule aliyevaa tayari hakungoja hata dakika kumi. Uani ilibaki harufu ya pamba na chai. Mama alikaa kwenye kigoda, akavua leso ya kichwani, akajipepea. Tangu nirudi kutoka Watamu alikuwa hajanitazama usoni. Mimi nilisimama mbele yake na bisibisi ya mpini mwekundu mkononi, sijui kwa nini nilikuwa nimeishika.

Aliitazama bisibisi. Akanitazama mimi. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kufuta:

"Karisa, leo umestaafu. Hiyo bisibisi kesho irudishe kwa wenyewe. Sasa chukua panga ukakate majani ya mndimu. Viwavi hawajala tangu asubuhi, na wao hawakubofya kitu."